Msimu Tuliochagua Ganda

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza kazi, na leo hiyohiyo nimefuta damu ya mtu sakafuni.

Mama ndiye aliyenipeleka. Tangu nimalize shule nimekuwa nikikaa ndani kusubiri matokeo, na alisema akinikuta tena nazungumza na pazia ataniozesha hilo pazia. Basi akanishika mkono mpaka karakana ya kaka yake, Mjomba wangu, ghorofani juu ya duka la mchomeleaji vyuma. Ni chumba kimoja kirefu chenye bati juu na kompyuta kuukuu kumi na tisa. Humo Mjomba na wenzake hutengeneza mfumo wa kompyuta, ule unaoamsha mashine na kuiendesha. Wanautoa bure, na yeyote anaweza kuufungua, kuusoma ndani na kuurekebisha. Unatumika zahanati, shuleni, ofisi ya maji, na kwenye machimbo ya mawe anakofanya kazi kaka yangu.

Tulipofika mlangoni, kibodi ilipita hewani. Ilimpata usoni mtu mmoja mwembamba wanayemwita Wembe, na nyusi yake ikapasuka kama nyanya.

"Sema tena Zito limezeeka!" Mjomba alinguruma.

"Limezeeka," Wembe akasema, damu ikimwingia jichoni. "Kama aliyeliweka."

Mama akasema, "Kaka, nimekuletea mtoto." Kana kwamba ameleta mayai.

Aliyenipa kitambaa cha kufutia sakafu ni Dada Nywila. Anaitwa hivyo kwa sababu nywila zote za karakana ziko kichwani mwake na hata Mjomba hapewi. Alinieleza kwa sauti ya chini ugomvi ni wa nini. Ganda ni sehemu ya mfumo inayosoma amri unazoandika na kuzipeleka kwa kompyuta. Maganda yako mengi, ila lazima moja liwe la msingi, litakalotumika pote ambapo mtu hakuchagua lingine. La sasa wamelipachika jina la Zito. Linakula kumbukumbu nyingi, lakini linaelewa kila mtindo wa kuandika amri. Wembe anataka Jepesi, ambalo ni dogo na huamsha mashine kuukuu kwa nusu ya muda, lakini halitaki madoido. Toleo jipya linatoka Aprili, na lazima wachague kabla yake.

"Wanapigana hivi kwa ajili ya hilo tu?" nilitaka kuuliza. Sikuuliza.

Jumanne, 5 Machi

Hakuna aliyepigwa. Nimebeba nyaya.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepewa kazi yangu. Kuna skripti mia nne kumi na mbili ambazo watu wameandika kwa miaka kumi na mitano. Skripti ni orodha ya amri ambayo kompyuta huisoma mstari kwa mstari. Zote ziliandikwa wakati wa Zito. Mimi nitaziendesha moja moja chini ya Jepesi na kuandika ipi imepita na ipi imeanguka. Orodha yangu itapelekwa kwa watunzaji wote wa mfumo, thelathini na mmoja, ambao wengi wako mbali na hupiga kura kwa barua pepe.

Wembe ndiye aliyenifundisha. Ana bandeji juu ya jicho lakini ana upole wa mwalimu wa chekechea. "Usisome yote, Karani wetu, utazeeka bure. Tazama mwisho tu. Ikimaliza kwa sifuri, imepita. Ikimaliza kwa namba nyingine, imeanguka."

Mjomba alipita nyuma yetu akagonga meza yangu kwa ngumi. Kikombe kilianguka. Namwogopa. Nyumbani kwetu hajawahi kuinua hata sauti.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza. Inapiga bati kama mtu anayetaka kuingia. Skripti sitini na moja.

Jumatano, 13 Machi

Kaka alirudi mapema kwa sababu shimo lao limejaa maji. Vumbi la mawe likilowa kwenye nywele zake huwa kama uji.

"Vipi, mkuu wa kompyuta? Wameshakupiga na wewe?"

"Bado."

"Mjomba akirusha kitu, inama. Mama alijifunza akiwa na miaka sita."

"Miaka minne," Mama akasema.

Nilimuuliza kuhusu mashine yao, maana niliona jina la machimbo kwenye orodha yangu. Akanieleza akiwa anakula. Kila anayeshuka shimoni huchukua kibao chenye namba yake, na lango hukisoma. Kabla ya kulipua, kompyuta huhesabu vibao vilivyoko chini. Kikibaki hata kimoja, king'ora hulia na kufuli la swichi ya baruti halifunguki. Pasipobaki mtu, kufuli linafunguka na taa ya kijani inawaka. Mlipuaji hatazami kitu kingine.

"Skripti yake aliandika Mjomba mwenyewe, miaka kumi iliyopita," Kaka akasema. "Mara mbili imeniokoa. Mara ya kwanza nilikuwa nimesinzia nyuma ya pampu."

Mama aliacha kutafuna. "Hiyo hukuniambia."

"Ndiyo nakuambia."

Jumanne, 19 Machi

Lazima niandike hili sawasawa.

Asubuhi nilifika namba mia moja themanini na nane, skripti ya king'ora. Nilifurahi kuiona, kama unavyokutana na jirani mjini. Nikaiendesha. Katikati ukapita mstari mmoja ukilalamika kwamba jambo fulani halijulikani, kisha mistari mingine ikafuata, kisha "Imekamilika", kisha sifuri.

Mstari ule ulinisumbua. Niliinuka kwenda kumuuliza Wembe. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nyuma ya kiti chake, na ndipo Mjomba alipotoka dirishani na karatasi mkononi, barua ya mtunzaji mmoja wa mbali anayelitaka Jepesi.

"Umewaandikia nini watu hawa? Kwamba mimi ni kizuizi?"

"Nimewaandikia ukweli. Zahanati ya mlimani mashine yao inaamka kwa dakika sita. Sita! Mgonjwa anakufa wakati Zito lako linajinyoosha."

Mjomba akamkamata shingo na kumsukuma juu ya meza. Wembe alikuwa na kile chuma chembamba cha moto cha kuunganishia nyaya. Aliuchoma nacho mkono wa Mjomba, na hakugusa tu, alikibonyeza. Nilisikia ngozi ikiungua. Mjomba hakupiga kelele. Alimkaba zaidi, na Wembe akazidi kubonyeza, na wote wawili walikuwa wanatazamana karibu kabisa kama watu wanaonong'onezana. Dada Nywila aliwamwagia ndoo ya maji ya mvua. Wakaachana.

"Mna bahati sikumwagia mashine," akasema.

Nilirudi mezani kwangu. Nikaandika: 188, imepita. Maana ilimaliza kwa sifuri.

Jumatano, 20 Machi

Nilitaka kumuuliza leo. Wembe alikuwa na michubuko shingoni na hakutaka kuongea.

Alhamisi, 28 Machi

Skripti mia tatu na hamsini. Nje barabara imekatika mara mbili. Ndani, barua pepe za watunzaji zimekuwa chafu kuliko mtaro. Mmoja aliandika kwamba watakaochagua Jepesi wakatwe vidole ili wasiandike tena. Mwingine akamjibu kwa kutaja mtaa anaoishi na rangi ya geti lake. Watu hawa hawajawahi kuonana. Wanagawa kazi yao bure kwa watu wasiowajua, halafu wanatakiana vifo.

Mjomba leo alichukua nyundo ya mchomeleaji na kuivunja kompyuta aliyokuwa anaitumia Wembe. Mapigo tisa, niliyahesabu. Wembe alikaa kwenye stuli akitazama, miguu imepishana.

"Ukimaliza hiyo kuna nyingine kumi na nane," akamwambia.

Nampenda Wembe kwa utulivu wake. Mjomba simwelewi. Kama ana hoja, kwa nini asiiseme?

Ijumaa, 5 Aprili

Orodha yangu ilipelekwa jana: mia nne na tisa zimepita, tatu zimeanguka. Jina langu liko chini yake. Sijawahi kuona jina langu limeandikwa mahali ambapo watu wengi watalisoma.

Leo saa nane mchana kura zilihesabiwa. Jepesi kumi na tisa, Zito kumi na mbili. Watano walioandika sababu walisema: orodha ya karani.

Mjomba alisoma matokeo mara mbili. Kisha akaniuliza mimi, si Wembe, "Zile za kwangu zote zimepita? Zote?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Hata ya machimbo?"

Ule mstari ulinirudia. Watu wote walikuwa wananitazama, na kabla sijapata neno Wembe alicheka, akasema, "Mzee, mtoto amekuonyesha sifuri, unataka akuonyeshe nini tena?"

Stuli ilimpata Wembe mdomoni. Meno mawili yalitoka, moja likabingirika mpaka mguuni kwangu. Wembe aliinuka na kumrukia Mjomba, akamuuma sikio, wakaanguka pamoja na meza na nyaya zote. Mchomeleaji wa chini alipanda kuwaachanisha, akapigwa kiwiko, naye akaingia ugomvini kwa hesabu zake. Dada Nywila alikaa juu ya mashine yake kama kuku juu ya mayai huku akitangaza, "Kura imepita. Kura imepita."

Niliokota jino na kuliweka dirishani.

Jumatatu, 8 Aprili

Toleo jipya limetoka saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta zote zinazotumia mfumo wetu hujichukulia toleo jipya zenyewe kila Jumatatu. Ganda la msingi sasa ni Jepesi. Mvua kubwa mno. Kaka amebaki nyumbani, shimo limejaa tena. Analala na kukoroma.

Jumanne, 9 Aprili

Naandika kwa penseli hospitalini, kwenye benchi.

Asubuhi mvua ilikatika. Kaka aliondoka akiimba vibaya makusudi ili Mama amkemee. Karakana ilikuwa kimya. Wembe alikuwa kwa daktari wa meno, Mjomba alikuwa anasafisha pikipiki yake chini ya ngazi. Sikuwa na kazi. Nikafungua namba mia moja themanini na nane na kuiendesha polepole, mstari mmoja mmoja, nikiiambia kwamba kuna watu watatu shimoni.

Skripti ikafika kwenye swali lake: je, walioko chini wamezidi sifuri? Mjomba alikuwa ameliandika swali hilo ndani ya mabano mawili ya mraba. Zito linayajua mabano mawili. Jepesi linajua moja tu. Jepesi likasema haijulikani, na kwa kuwa halikulielewa swali, likalihesabu jibu kuwa hapana. Hapana, hakuna mtu. Likaendelea na safari yake.

King'ora: kimya. Kufuli: wazi. Imekamilika. Sifuri.

Niliisoma mara tatu. Nikapiga simu ya Kaka. Iliita mpaka ikakata, nami nikakumbuka kwamba simu zao huachwa langoni kwa ajili ya baruti. Nikapiga ofisi ya machimbo. Laini ilikuwa imekufa kwa mvua.

Nilishuka ngazi mbio. Mjomba alikuwa pale, kitambaa mkononi, pikipiki inang'aa.

"Unakimbilia wapi, mwanangu?"

Hapa ndipo ninapotaka penseli ichimbe karatasi. Alikuwa na pikipiki. Machimbo yako kilomita nne. Nilihitaji kusema maneno matatu tu. Nikamtazama yule mtu, mkono wake wenye kovu la moto, sikio lake lenye bandeji, nikaona stuli ikiruka, na sauti haikutoka. Nikampita. Nikakimbia kwa miguu.

Nilikimbia kwenye matope mpaka kiatu kimoja kikabaki. Nilipofika kona ya mwisho, geti la machimbo nikiliona, ardhi ilinipiga nyayo kutoka chini. Kisha sauti. Kisha mawe. Yalikuwa yanaanguka pande zote, mengine madogo kama punje, moja kubwa kama kichwa cha ng'ombe likatua barabarani mbele yangu na kuzama nusu. Hakukuwa na king'ora. Watu wote walisema hivyo baadaye, wakirudia kama watu wanaoapa: hakikulia, hakikulia.

Walikuwa wawili chini, Kaka na mtu wa pampu, wakiinyanyua pampu. Mtu wa pampu hakupatikana mzima. Kaka walimtoa akiwa amekaa juu ya machela, macho wazi, akiuliza kofia yake iko wapi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa na jiwe, na walimtoa bila ule mkono.

Mlipuaji alikuwa amepiga magoti langoni anagonga paji la uso kwenye nguzo. "Taa ilikuwa ya kijani," alikuwa anasema. "Ilikuwa ya kijani, jamani."

Jumatano, 10 Aprili

Kaka yu hai. Mama anamkesha.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo walimzika mtu wa pampu, na kutoka makaburini wachimbaji walikuja moja kwa moja kwetu. Kama arobaini, nguo za msiba zimelowa, mikononi wana mitalimbo.

Tuliwasikia kwa mchomeleaji kwanza, wakiuliza ngazi iko wapi. Mjomba alifungua mlango mwenyewe akasimama juu ya ngazi.

"Nani aliandika ile ya king'ora?" mmoja akauliza.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Jina juu yake ni langu."

Mtalimbo wa kwanza ulimpata begani. Alipoinama, wa pili ukampata mgongoni, kisha sikuweza tena kuona ni upi wa nani. Walimburuta ndani wakimpiga mateke. Wengine walianza na kompyuta. Walizirusha dirishani moja moja, na kila moja ilipofika chini mtu alishangilia. Wembe alikuwa amekwisha kutoka kwa dirisha la nyuma, kwenye bomba la maji. Mimi nilikuwa chini ya meza. Dada Nywila alikuwa amenilalia, kiganja chake kinywani mwangu, lakini ukweli ni kwamba hakikuwa na cha kuzuia.

Mjomba alikuwa sakafuni, uso wake usawa wa uso wangu. Jicho moja limefunga. Kwa lile jingine alinitazama, akatikisa kichwa kidogo. Usitoke.

Mtu huyu nilimwita mnyama kwa mwezi mzima.

Mchomeleaji ndiye aliyewatoa. Alipanda na mtungi wake wa gesi mgongoni, moto wa buluu unatoka kwenye bomba, akawa anaupitisha miguuni mwao kama anayefagia. "Haya, haya! Anayetaka kuungwa na mwenzake aje!" Walirudi nyuma. Kisha polisi wakaja na kumchukua Mjomba, kwa sababu alikuwa hawezi kukimbia.

Jumamosi, 13 Aprili

Wembe alinisubiri kwenye kona ya nyumbani. Alinikamata kifundo cha mkono. Sikuwahi kujua kwamba vidole vile vyembamba vina nguvu kiasi hicho.

"Wakikuuliza, hujui kitu. Nimeifuta orodha yako."

"Uliniambia nitazame mwisho," nikasema. Ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote kwake.

Akakaza mpaka mfupa ukalia. Pengo lake lilikuwa linapitisha hewa anapoongea. "Orodha ni yako, Karani. Mimi nilikufundisha kusoma. Sikukufundisha kuua."

Bado nina alama nne na ya gumba.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilimwambia Dada Nywila kwamba Wembe amefuta orodha. Alicheka kicheko kikavu. "Amefuta ya hapa. Kazi hii ni ya wazi, mdogo wangu. Kila kinachotoka humu kina nakala kwa watunzaji thelathini na mmoja, na kila nakala ina tarehe na jina. Humu unaweza kuvunja meno ya mtu, lakini kufuta huwezi." Kisha akaacha kucheka. "Na mimi pia nilisoma ile orodha. Niliitazama mwisho tu."

Akaniazima mashine yake, moja kati ya mbili zilizobaki. Nimeanza upya, namba moja. Nasoma kila mstari.

Jumanne, 16 Aprili

Mjomba ameachiliwa. Nilikwenda peke yangu kwake. Uso wake ni kama mtu mwingine aliyevaa uso wake. Nilimwambia yote, tangu ule mstari wa mwezi uliopita mpaka nilivyompita pale chini ya ngazi. Nilisema nikitazama sakafu. Nilingoja anipige.

Alilishika bega lililopigwa mtalimbo. Kisha akasema, "Mstari wa kwanza wa kila skripti, umeuona?"

"Ndiyo. Unasema isomwe na ganda gani."

"Ukiandika pale Zito, itasomwa na Zito hata wabadilishe la msingi mara mia. Nilipaswa kuandika Zito, maana ndani nilitumia mambo yake. Mimi nikaandika 'la msingi'. Hapo huhitaji kufikiri." Alijifuta jicho lililovimba. "Uvivu, mwanangu. Skripti zaidi ya hamsini nimeziandika hivyo. Nilipoona Wembe analeta Jepesi nilijua. Sikujua ni zipi, lakini nilijua zipo."

"Kwa nini hukusema, Mjomba?"

"Ningelazimika kusema mbele ya watu kwamba miaka kumi nimeandika ovyo. Kurusha kibodi ni rahisi zaidi."

Nilimtengenezea chai. Aliinywa kwa upande mmoja wa mdomo. Sijui kama nilimhurumia au nilitaka kumpiga. Nadhani vyote.

Jumamosi, 20 Aprili

Hospitalini. Kaka anajifunza kufunga kifungo. Anakitukana kila kifungo kwa jina lake. Nilikwenda kumwambia. Alinipa shati, akasema, "Shika hapa," nikashika, nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemaliza. Mia nne kumi na mbili. Hamsini na saba zinamaliza kwa sifuri huku zimeharibika katikati. Ya hospitali ya wazazi imo. Dada Nywila amewaandikia wote wanaozitumia wazizime mpaka zirekebishwe. Mjomba anaziandika upya kwa mkono mmoja, na mimi namsomea.

Jumamosi, 27 Aprili

Wachimbaji walifanya mkutano kwenye banda la vifaa, pale machimboni. Kazi imesimama tangu siku ile, na lazima waamue kama wataiamini tena ile kompyuta au watarudi kwa mtu na kengele. Mjomba aliitwa. Nilikwenda naye. Kaka alikuwa pale, ametoka juzi, shati limefungwa vifungo vyote. Mjane wa mtu wa pampu alikaa mbele kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mvua ilikuwa inanyesha kwa hasira juu ya bati.

Mjomba alisimama akaeleza kuhusu mstari wa kwanza. Hakujitetea. Walipiga kelele, mtu akamrushia boliti na ikampata kifuani, akaendelea kuongea. Mlipuaji alilia wazi. Kisha mzee mmoja wa nyundo, mpasua mawe, akasema kwamba kosa ni la yule mwembamba aliyeleta ganda jipya na kukimbia, na kwamba wakimpata watamtia shimoni na kuwasha baruti juu yake. Banda zima likaitikia. Watatu wakaanza kupanga nani anajua nyumbani kwa dada yake Wembe, huenda amejificha huko. Wakachukua mitalimbo. Hayakuwa maneno tu, walikuwa wanaondoka.

Nikasimama juu ya sanduku la misumari.

"Mimi ndiye niliyezijaribu," nikasema. "Ya kwenu nilisema imepita. Niliona mstari wa kosa, Machi tarehe kumi na tisa. Sikuuliza. Siku ya mlipuko nilijua kabla. Nilimpita mtu mwenye pikipiki kwa sababu niliona haya kuongea. Nikaja kwa miguu."

Mvua ilifunika nusu ya maneno, lakini wa mbele walisikia. Mjane aliinua uso. Mtu mmoja alinishika gauni kunivuta chini, mwingine akainua mtalimbo, na Kaka akasema, "Mwacheni."

Alikuja polepole, watu wakimpisha. Nilikuwa juu kidogo yake kwa sababu ya lile sanduku. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akanipiga kofi kwa mkono uliobaki. Kichwa kiligeuka, sikio likapiga kengele, mdomo ukajaa damu. Hajawahi kunipiga maisha yake yote. Nilimwona anauinua tena ule mkono, nikafumba macho, ukatua begani kwangu na kunishika nisianguke.

"Rudia," akasema. "Waliokaa nyuma hawajasikia."

Wale watatu walikuwa wamesimama mlangoni na mitalimbo, nusu ndani, nusu kwenye mvua, wananitazama.

Nikameza damu, nikarudia.